Laptopu Ikichemka, Usilaumu Gemu

Nimechoka na hii stori ya "laptopu ni ya kazi, si ya gemu, ndio maana inachemka." Mzazi anaisema, muuzaji anaisema, na siku hizi hata wasee wa rika letu wanaikariri kama katekisimu.

Zii. Laptopu nyingi hapa Langas zinachemka kwa sababu tuliuziwa zikiwa chafu.

Wengi wetu hatununui mpya. Tunanunua EliteBook, ThinkPad ama Latitude ya ex-UK, mashine iliyofanya kazi ya ofisi huko miaka kadhaa. Ikifika tao inapanguswa nje, inabandikwa stika, inang'aa. Ndani hakuna mtu amefungua. Na ndani ndiko kuna maneno. Kati ya prosesa na chuma cha kupozea kuna pesti, ule uji mzito wa kijivu unaopitisha joto. Miaka ikienda, pesti inakauka na joto linakosa njia. Feni nayo inasukuma hewa kwenye mapezi yaliyozibwa na vumbi. Sasa fungua GTA V. Prosesa inapanda hadi digrii 95, inakaribia 100, na hapo inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Ndio maana dakika kumi za kwanza gemu inateleza, halafu inaanza kukatakata. Hiyo si virusi, na usikubali kuuziwa RAM kwa sababu yake.

Yangu niliirudisha duka moja tao baada ya wiki tatu. Jamaa hata hakuigeuza. "Umecheza gemu, boss. Waranti imeisha." Fundi wa mtaani alipoifungua, vumbi lilitoka kwa mapezi likiwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Najua vumbi letu, hasa Januari, linaingia hadi kwa sukari. Lakini blanketi kama lile haliwezi kushonwa kwa wiki tatu.

Halafu kuna wale wa kukuuzia kuling pedi. Inasaidia kidogo, sikatai. Lakini kama pesti imekauka, unampepea mgonjwa wa malaria tu, dawa hujampa.

Na msiniambie "Eldoret ni baridi." Ni baridi, ndio, na hiyo inasaidia. Lakini tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Hewa hiyohiyo inayovuta wakimbiaji wa dunia nzima hadi Iten inabeba joto kidogo kila feni ikizunguka. Kwa hivyo mashine iliyoziba inaumia zaidi huku.

Upande wetu kuna kazi pia. Weka laptopu kwa meza, si kwa kitanda, blanketi linaziba matundu ya chini. Funga gemu kwa fremu 60 kwa sekunde, ama hata 30. Kwa Windows, ingia mipangilio ya umeme ushushe kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99. Kwa mashine nyingi hiyo inazima ile kasi ya ziada, na joto linashuka.

Lakini hiyo ni kujisaidia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili afaidike nayo. Hakuna mahali kimeandika "isipokuwa ukicheza gemu."

Kwa hivyo kabla ya kutuma M-Pesa, itisha ifunguliwe mbele yako, ama uiendeshe na gemu dakika 20 hapohapo dukani. Akikataa, ondoka, maduka ni mengi.

Na nyinyi wauzaji, kusafisha na kupaka pesti mpya haichukui hata saa moja. Ongeza hiyo soo tano kwa bei uniambie ni ya nini, nitalipa.