Vichekesho vya Kipunjabi vyavuka bahari, vyakwama mpakani

JUNI 27, 2025 filamu ya vichekesho ya Sardaar Ji 3 ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya nchi mbalimbali, isipokuwa India, nyumbani kwa nyota wake, Diljit Dosanjh.

Kikwazo kilikuwa mwigizaji mwenzake, Hania Aamir, raia wa Pakistan. Aprili 22 mwaka huo watu 26 waliuawa katika shambulio la Pahalgam, Kashmir. India iliinyooshea kidole Pakistan, ambayo ilikanusha, na mwezi Mei majeshi ya nchi hizo yakashambuliana. Filamu iliyopigwa kabla ya hayo yote ikajikuta katikati.

Mkasa huo unadhihirisha jinsi vichekesho vya Kipunjabi vilivyobadilika.

Katika miaka ya 1970 na 1980, mchekeshaji alikuwa mtu wa pembeni. Mehar Mittal, aliyevuma zama hizo, aliingia katika visa vya mapenzi, ardhi na visasi vya vijijini ili kumpumzisha mtazamaji, kisha hadithi ikaendelea na njia yake.

Jaspal Bhatti alikuja na kejeli. Mwaka 1999, katika Mahaul Theek Hai, aliwacheka polisi, na katika Power Cut ya mwaka 2012 akaligeukia tatizo la umeme. Alifariki dunia kwa ajali ya gari Oktoba 25, 2012, akiwa katika ziara ya kuitangaza filamu hiyo.

Mwaka huohuo ndipo upepo ulipogeuka. Jatt & Juliet na Carry On Jatta ziliufanya ucheshi kuwa hadithi yenyewe: uongo wa kutafuta mchumba, mtu kudhaniwa mwingine na majibizano ya haraka. Wanamuziki Dosanjh na Gippy Grewal wakawa vinara wa filamu, huku wachekeshaji kama Jaswinder Bhalla, aliyefariki Agosti 2025, wakipewa nafasi zinazobeba kisa. Carry On Jatta 3 ya mwaka 2023 ilivuka mapato ya rupia bilioni moja duniani.

Sehemu kubwa ya soko hilo iko ughaibuni, hasa Canada, Uingereza na Australia. Huko, Wapunjabi ambao ardhi yao iligawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947 huishi mitaa mimoja na huzungumza lugha moja, ingawa huiandika kwa hati mbili tofauti.

Chal Mera Putt ya mwaka 2019 ilijengwa juu ya hali hiyo. Ni kisa cha wahamiaji wa pande zote mbili mjini Birmingham, wanaobangaiza maisha bila vibali vya kuishi. Wachekeshaji wa jukwaani kutoka Pakistan, akiwamo Iftikhar Thakur na Nasir Chinyoti, waliingia na utani wao mkali wa papo kwa papo, na mafanikio yakazaa mwendelezo.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yana gharama. Kejeli dhidi ya watawala imepungua, nafasi yake ikichukuliwa na mikasa ya ndoa na viza. Bhatti aliwacheka wakubwa waziwazi, na filamu zake zikaonyeshwa nyumbani. Sardaar Ji 3, kichekesho cha mizimu kisichomgusa mtawala yeyote, ndiyo iliyokosa mlango wa kuingilia.

Kwa watayarishaji, soko la nje limethibitika kuwa kimbilio. Lakini mtazamaji wa Ludhiana au Amritsar hana kimbilio hilo: kicheko kilichotengenezwa kwa lugha yake kimewafikia wengine, yeye akabaki kukisikia kwa mbali.