Huduma kwa wateja kutoka nyumbani: Mkataba ndio unaoamua nani abebe gharama

Inapotimu saa nane usiku jijini Dar es Salaam, katika jimbo la California nchini Marekani, yaliko makao makuu ya kampuni kadhaa kubwa za teknolojia, huwa ni saa kumi jioni ya siku iliyotangulia kwa majira ya kiangazi. Mteja wa huko aliyesahau nywila ya akaunti yake anapopiga simu kuomba msaada, sauti inayompokea inaweza kuwa ya mtu aliyeketi chumbani kwake katika bara jingine, huku jamaa zake wakiwa wamelala.

Utaratibu huo si mgeni. Kampuni ya Apple imekuwa ikiajiri nchini Marekani washauri wa wateja wanaofanya kazi majumbani mwao, wakipatiwa kompyuta na vifaa vya kusikilizia. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga ofisi nyingi, kampuni ya Amazon ilitangaza nafasi 3,000 za huduma kwa wateja nchini Afrika Kusini, zikiwamo za kufanyiwa nyumbani, kwa ajili ya wateja wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Tanzania nayo ina misingi ya kushindania kazi za aina hiyo: kebo ya baharini ya Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umesambaa mikoani, na Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kufungua ajira kwa vijana kupitia teknolojia.

Fursa hiyo, hata hivyo, inakuja na swali ambalo kijana anayeomba kazi aghalabu halifikirii hadi siku umeme unapokatika katikati ya simu. Katika kituo cha kawaida cha huduma kwa wateja, mwajiri hulipa pango, umeme, jenereta, intaneti na hata kiti. Kazi inapohamia nyumbani, gharama hizo hazitoweki. Umeme wa LUKU unaendelea kutumika, bando la intaneti linakwisha, na chumba kilichokuwa cha familia kinageuka ofisi. Kilichobadilika ni anayelipa.

Jambo la kwanza la kupambanua ni iwapo mtu huyo ni mwajiriwa au la. Mikataba mingi ya kazi za mtandaoni humwita mtoa huduma "mkandarasi huru", jina linalomwondolea anayempa kazi wajibu wa likizo, hifadhi ya jamii na malipo ya saa za ziada. Kwa sheria za Tanzania, jina peke yake halitoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaelekeza kwamba mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo mojawapo ya vigezo vilivyotajwa lipo. Miongoni mwake ni kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinadhibitiwa na mwingine, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au amepewa vitendea kazi. Mtoa huduma anayepangiwa zamu, kusikilizwa simu zake na kupewa maneno ya kumwambia mteja ni vigumu kuelezwa kuwa yuko huru.

Jambo la pili ni usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kazi inayofanyika kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Saa za ofisi za California, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ni saa moja usiku hadi saa tisa usiku kwa Tanzania wakati wa kiangazi cha huko. Hivyo, saa 7 kati ya 8 za zamu hiyo ni za usiku kisheria. Majira ya baridi yanapoingia na saa za Marekani kurudishwa nyuma, zote 8 huwa za usiku. Kwa mfano, mwenye ujira wa shilingi 4,000 kwa saa anastahili nyongeza ya shilingi 200 kwa kila saa ya usiku. Kwa zamu 22 za saa 7 kila moja, ni shilingi 30,800 kwa mwezi. Kiasi hicho ni haki yake, wala hakigeuki kuwa hisani kwa kuwa amefanyia kazi sebuleni kwake.

Jambo la tatu ni miundombinu. Mei 12, 2024, hitilafu katika kebo za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Miezi michache kabla yake, nchi ilikuwa imepitia mgao wa umeme. Matukio ya namna hiyo hayatokani na uzembe wa mtu aliyeko nyumbani, lakini mfumo unaopima dakika za kuwa hewani hauulizi sababu. Sheria za mwaka 2004 hazikutaja bando wala umeme wa nyumbani. Pengo hilo huzibwa na mkataba, na mkataba usiposema lolote, hasara humwangukia mwenye uwezo mdogo wa kuibeba.

Vivyo hivyo kwa afya na ajali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri pekee, hulipa fidia kwa maumivu au ugonjwa unaotokana na kazi. Kuthibitisha kwamba madhara yalitokea kazini ni rahisi zaidi pale ambapo mahali na saa za kazi zimeandikwa. Aidha, mwajiri anayetaka kuwasha kamera katika nyumba ya mfanyakazi anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayotaka taarifa zikusanywe kwa lengo bayana na mhusika alijue. Sheria hiyo hiyo inamlinda pia mteja, ambaye taarifa zake za malipo hazipaswi kuonekana wala kusikika kwa wanafamilia.

Kinga hizi zina mpaka wake. Zinatekelezeka vizuri mwajiri anapokuwa na ofisi au wakala aliyesajiliwa nchini, anayeweza kuitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kampuni isiyo na anwani nchini, inayomwajiri mtu kupitia tovuti tu, ni vigumu kuifikia hata pale haki inapokuwa wazi. Anayekubali kazi ya namna hiyo hana budi kujiwekea akiba na hifadhi mwenyewe, ukiwamo uanachama wa NSSF kwa waliojiajiri.

Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kwanza hupatikana kabla ya kusaini. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja kazi, mahali pa kazi, saa na ujira, na ahakikishe yameeleweka. Kwa kazi ya nyumbani, maelezo hayo yanapaswa kwenda mbali zaidi: nani ananunua bando, nani analipia umeme, na zamu inahesabiwaje intaneti inapokatika bila kosa la mfanyakazi. Mgogoro ukizuka, madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa CMA ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60.

Mkataba Na. 177 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1996 uliweka kanuni kwamba anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na wafanyakazi wengine. Wakati nchi ikijiandaa kunufaika na uchumi wa kidijitali, kanuni hiyo inafaa kuwa kipimo cha ajira zinazokuja: idadi yake ihesabiwe, na kinachobaki mfukoni mwa kijana baada ya kulipia umeme na bando kihesabiwe pia.