Maua ya Altare Wakati wa Kiangazi

Huku kwetu Lubumbashi na katika Katanga ya Juu yote, kalenda ya Kanisa na kalenda ya mvua haziendi pamoja. Mvua hukoma mwezi wa Aprili. Udongo unapoanza kukauka, ndipo zinapofuatana zile siku ambazo waamini hupenda kuiona altare imezungukwa na maua: mwezi wa Maria katika Mei, Pentekoste, Mwili na Damu ya Kristu, Moyo Mtakatifu wa Yezu, Watakatifu Petro na Paulo tarehe 29 Juni, na Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti. Juu ya hayo kuna daraja takatifu, nadhiri za watawa, komunio ya kwanza na ndoa, ambazo nyingi huwekwa Julai na Agosti kwa sababu shule zimefungwa na mvua haitishi. Tunahitaji maua mengi zaidi wakati ambapo bustani zetu zina machache.

Kwa sababu hiyo maua ya plastiki yamepata makao katika makanisa mengi. Hayanywi maji, hayanyauki, na hununuliwa mara moja tu. Huwekwa mbele ya altare Jumatano ya Majivu ikikaribia, nayo huwa bado yapo pale Pasaka inapofika, yakiwa na vumbi kidogo zaidi. Hatuwalaumu waliyoyanunua. Walitaka nyumba ya Mungu ipendeze, na walitafuta njia iliyokuwa karibu. Lakini tunaona kwamba wakati umefika wa sisi walei kulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa maana linagusa namna tunavyotoa sadaka.

Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma hautaji maua ya plastiki. Hata hivyo unatupa kanuni mbili zinazotosha. Katika namba 292 unataka mapambo ya kanisa yawe na uzuri wa kiasi usio na majivuno, na vitu vinavyotumika viwe vya kweli. Katika namba 305 unataka maua yatumiwe kwa kiasi, yawekwe kuizunguka altare kuliko kuwekwa juu yake, yapunguzwe wakati wa Majilio, na yaondolewe wakati wa Kwaresima isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Tukiisoma kanuni hii ya pili kwa makini, tunaona kwamba Kanisa linayachukua maua kama alama inayosema kwa kuwapo na kwa kutokuwapo. Ua lisilonyauka kamwe haliwezi kusema lolote kuhusu Kwaresima wala kuhusu Pasaka. Nalo halikumgharimu aliyelitoa hata siku moja ya kulitunza.

Basi tufanyeje wakati wa kiangazi? Jibu letu ni hili: kila jumuiya ndogo ya Kikristu itunze vyungu vichache vya maua hai majumbani, ivivushe salama katika baridi na ukavu, na kuvileta kanisani kwa zamu. Jambo hili linawezekana, mradi tuijue mimea yetu na majira yetu wenyewe.

Tunasema majira yetu, kwa kuwa desturi nyingi za bustani tulizipokea kutoka Ulaya pamoja na mbegu zake. Kule Ubelgiji wakulima wa maua huwatazama watakatifu Mamerto, Pankrasi na Servasi, wanaokumbukwa tarehe 11, 12 na 13 Mei. Huwaita watakatifu wa barafu, kwa sababu kabla ya siku zao baridi kali bado yaweza kurudi usiku mmoja na kuua mimea. Zikiisha siku hizo, huyatoa nje maua waliyokuwa wameyahifadhi ndani tangu majira ya majani kupukutika. Kwetu siku hizohizo tatu zaweza kuwa ukumbusho wa kufanya kinyume chake: kuingiza vyungu barazani, kwa kuwa kiangazi kimekwisha kuingia. Mtu akifuata kitabu cha Ulaya bila kufikiri, ataitoa mimea yake nje wakati wa kuiingiza.

Sababu za kuihifadhi nazo ni tofauti. Kule adui ni barafu na giza. Mmea huingizwa ndani, nao hupambana na uchache wa mwanga. Hapa Lubumbashi, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,200, jua la Juni na Julai ni jingi na mbingu haina wingu. Adui zetu ni watatu: upepo mkavu wa kusini-mashariki, vumbi jekundu linalofunika majani, na baridi ya alfajiri inayoshuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo chungu hakihitaji kufungiwa chumbani. Kinahitaji baraza lenye ukuta wa kuzuia upepo na linalopata jua la asubuhi, au dirisha linalotazama mashariki. Mara moja kwa juma majani yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu jani lililofunikwa na vumbi halipokei mwanga vizuri.

Tuchukue mfano wa jeraniumu, ambayo wengi wanayo uani. Mwanzoni mwa Mei yakatwe matawi marefu yaliyodhoofika, na vipande vyenye afya vipandwe katika mchanga wenye unyevu ili viwe mimea mipya. Wakati wa baridi usiipe mbolea, na umwagilie kwa kiasi. Ingiza kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ngoja. Watu wengi hudhani kwamba katika kiangazi mmea unataka maji kila siku, kumbe katika usiku wa baridi udongo uliolowa hauchelewi kuozesha mizizi. Mwagilia asubuhi, si jioni. Kila ua linaponyauka livunjwe pamoja na kikonyo chake, kwa maana mmea ukiachwa utengeneze mbegu huona kazi yake imekwisha, na ukizuiwa hutoa ua jingine. Kwa utunzaji huu mdogo, jeraniumu iliyo mahali penye jua yaweza kuchanua karibu kiangazi chote.

Wengine hawahitaji hata hayo. Bugenvilia hupenda ukavu na huchanua kwa wingi pale inaponyimwa maji. Aina nyingi za mishubiri ya kusini mwa Afrika hutoa maua yake wakati wa baridi. Kabla hatujasema kwamba kiangazi hakina maua, tutembee kwanza katika nyua za majirani.

Iko pia poinsetia, ambayo ina fundisho lake. Asili yake ni Meksiko. Yale tunayoyaita maua mekundu ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijipunje vya manjano katikati. Mmea huu huupima usiku. Usiku ukirefuka, nao huanza kubadilika. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini usiku hurefuka kuelekea Desemba, ndiyo maana huko imekuwa ua la Noeli. Kwetu, kusini mwa Ikweta, usiku mrefu zaidi ni wa Juni. Kwa hiyo poinsetia za uani kwetu huwa nyekundu Juni na Julai, na Noeli huzikuta zikiwa na majani ya kijani. Wako wanaosikitika kwa hilo. Sisi tunaona kwamba tumepewa zawadi bila kuitambua: ua jekundu linalochanua lenyewe katika majira ya Petro na Paulo, wakati padri anapovaa nyekundu kwa ajili ya damu ya mashahidi. Kwa nini tununue la plastiki mwezi wa Desemba na kulipita lililo hai mwezi wa Juni?

Jumuiya itakayotaka poinsetia ya Noeli yaweza kuipata, ila kwa uvumilivu. Tangu mwanzo wa Oktoba chungu kifunikwe kila siku kwa katoni au kitambaa cheusi kizito, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 14 za giza kamili, kwa muda wa majuma manane hadi kumi. Mchana kirudishwe kwenye mwanga. Taa inayowaka karibu nacho usiku baada ya usiku yatosha kuchelewesha kazi yote. Anayekata tawi ajihadhari na utomvu wake mweupe, kwa kuwa huwasha ngozi na macho. Wazazi wanaweza kuwapa watoto wa katekesi kazi hii ya kufunika na kufunua. Mtoto aliyeingoja rangi ile kwa majuma hayo yote ataelewa neno Majilio vizuri kuliko kwa maelezo mengi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Maji. Katika mitaa mingi bomba halitoi kitu kwa siku kadhaa, na mama au binti hutembea na bidoni kichwani tangu alfajiri. Je, ni haki kumwambia amwagilie maua? Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwakumbusha Wakristu wa zamani zake kwamba kuipamba nyumba ya Mungu huku wakimsahau maskini aliye mlangoni ni kumheshimu Kristu upande mmoja na kumdharau upande wa pili. Kanuni hiyo bado inatuhukumu. Kwa hiyo tunasema wazi: nyumba isiyo na maji ya kunywa ya kutosha isipewe chungu. Nyingine zitumie maji yaliyokwisha kuosha mchele au mboga, yasiyo na sabuni wala chumvi. Chungu cha kadiri kilichofunikwa juu kwa majani makavu huridhika na glasi moja au mbili, mara mbili kwa juma. Na fedha zinazotumika kununua maua ya plastiki na mengine yanayoagizwa kutoka mbali kwa ajili ya sherehe moja, zihesabiwe mbele ya jumuiya, ili tuone ni wagonjwa wangapi wangetembelewa na mkate mkononi.

Pingamizi la pili halitajwi sana, ila lipo. Kazi ya maua imeachiwa akina mama peke yao. Wao ndio hufagia, hufua vitambaa vya altare, hupanga maua, na baada ya Misa huyaondoa. Akina baba huyasifu. Tukipendekeza vyungu vya kutunzwa miezi mitano kisha tukaviongeza juu ya mizigo ya watu walewale, tutakuwa tumebadilisha mapambo bila kubadilisha mioyo. Katika kila jumuiya, basi, baba mmoja na kijana mmoja wakabidhiwe vyungu pamoja na mama mmoja, na majina yao yaandikwe kama yanavyoandikwa majina ya wasomaji wa Dominika.

Hata hivyo, mmea uliotunzwa vizuri hauchanui siku zote. Upo wakati ambapo hupumzika, hupukutisha majani, na huonekana kama umekufa. Hapa ndipo plastiki inapotushawishi zaidi, kwa kuwa imetuzoeza kudai maua kila Dominika. Tuukumbuke mfano wa mtini katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Anayetunza chungu katika kiangazi hujifunza kusema kama mtunzaji yule, na labda baadaye ataweza kusema vivyo hivyo juu ya kijana aliyeacha kuja kanisani, au juu ya ndoa iliyokauka. Ikitokea Dominika moja vyungu vyote vipo mapumzikoni, matawi machache ya kijani yanatosha. Altare haipungukiwi kitu, kwa maana kilicho juu yake ni Kristu mwenyewe.

Misitu yetu ya miombo yatufundisha hilohilo kila mwaka. Mwezi wa Septemba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miti ile hutoa majani mapya mekundu kama shaba. Ilikuwa ikijiandaa tulipodhani imelala. Mjini, mijakaranda nayo hufunika barabara kwa maua yake ya zambarau wakati udongo ungali mkavu. Muumba hakuiacha nchi hii bila maua katika kiangazi. Alituachia sehemu ya kazi, nasi tusiikatae.

Kwa tafakari katika jumuiya:

1. Katika kanisa letu, ni nini kinachomwonyesha mgeni kwamba tuko katika Kwaresima, na kwamba tumefika Pasaka?

2. Ni mimea gani inayochanua katika nyua zetu kuanzia Mei hadi Septemba, na ni nani kati yetu, baba, mama na kijana, watakaokabidhiwa vyungu vya kwanza?

3. Ni familia gani ya jumuiya yetu iliyopungukiwa maji katika kiangazi hiki, na tutaifanyia nini kabla ya kumwagilia maua?