"Tulipatana Naye" Haitoshi

Siku hizi ni nadra kuona upadrisho, jubilei au harusi kubwa bila ndege nyuki, ile droni yenye kamera inayoruka juu ya mahema na kutuonesha maandamano yote. Picha zake tunazipenda, na tunarushiana WhatsApp kabla hata ya baraka ya mwisho. Lakini kijana anayeirusha analipwaje? Mara nyingi kamati humwambia: "Tupunguzie, hii ni kazi ya Mungu." Akisita, anaambiwa yupo mwingine atakayefanya kwa nusu ya bei. Anakubali. Nasi tunajitetea: "Tulipatana naye."

Utetezi huo si mpya. Papa Leo XIII aliujibu katika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891. Wakati ule ilidaiwa kwamba mshahara ukishakubaliwa kwa hiari, haki imetimia. Papa alikataa. Alifundisha kwamba juu ya mapatano ipo haki ya asili: ujira lazima utoshe kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi. Anayekubali pungufu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ameonewa. Karne nyingi kabla yake, Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha katika Summa kwamba kununua kitu chini ya thamani yake ni dhuluma, sawa na kukiuza kupita thamani yake.

Basi tuihesabu thamani. Sisi tunaona dakika chache za kuruka. Hatuoni kwamba betri moja kwa kawaida haifikishi saa nzima, hivyo lazima awe nazo kadhaa. Hatuoni gharama za usajili na vibali, wala kodi ya mashine kama si yake. Ikigonga waya wa umeme, hasara ni yake peke yake. Baada ya sherehe bado anakesha akihariri. Ondoa hayo yote pamoja na nauli, kinachobaki ndicho ujira wake. Wakati mwingine hakibaki kitu.

Wapo watakaosema parokia zetu ni maskini. Ni kweli. Lakini sijasikia kamati ikimwambia muuza soda kwamba nusu ya kreti zake ni sadaka. Sadaka hutolewa na mwenye mali kwa moyo wake. Ikikamuliwa kwa jina la Mungu, si sadaka tena. Kama fedha haitoshi, tuombe saa chache, turidhike na kamera ya kawaida, au tumwombe waziwazi ajitolee, tukiwa tayari kusikia "hapana."

Na wapiga picha wenyewe waache kuuana kwa bei. Waraka uleule uliunga mkono vyama vya wafanyakazi. Vijana wa mji mmoja wanaweza kukaa pamoja, wakajumlisha gharama zao halisi, wakakubaliana kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake.

Kwetu sisi, mafrateri na waamini, pa kuanzia ni kwenye bajeti. Gharama ya mpiga picha iandikwe kwenye karatasi ileile ya mahema na chakula, baada ya kumsikiliza yeye kwanza. Na alipwe siku hiyohiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua. Haisemi asubiri kamati ikutane tena.