Demokrasia ya Msaada na Mizani Miwili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, kwa miaka mingi nchi tajiri zimefungamanisha misaada yao na demokrasia: chagueni viongozi kwa haki, nasi tutawasaidia. Kwa asili yake jambo hilo si baya. Kushauriana ni katika dini yetu, na Qur'ani Tukufu ina sura iitwayo Ash-Shura. Tunachokihoji ni mizani.

Januari 25, 2006 Wapalestina walipiga kura, na Hamas ikapata viti 74 kati ya 132. Waangalizi wa kimataifa, akiwemo Rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter, walikiri kwamba uchaguzi ulikuwa wa amani na wa ushindani. Ilipoundwa serikali, Marekani na Umoja wa Ulaya zikasimamisha misaada ya moja kwa moja kwake mpaka iitambue Israel, iache silaha na ikubali mikataba iliyotangulia. Walimu na wauguzi wakakaa miezi bila mishahara kamili. Je, iliyoungwa mkono ni demokrasia, au ni matokeo yanayopendeza?

Tutazame na nyumbani. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa. Ukarudiwa Machi 20, 2016, na chama kikuu cha upinzani, CUF, kikaususia. Siku chache baadaye Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC) likasitisha msaada wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, uliokusudiwa umeme. Safari hii hoja ilikuwa ya haki. Lakini nani aliadhibiwa? Matokeo yalibaki vilevile. Waliofuta kura hawakulala gizani. Aliyelala gizani ni mnyonge aliyekuwa akiusubiri umeme huo.

Kisha Julai 1, 2025 USAID, shirika lililoanzishwa mwaka 1961, likafungwa kwa uamuzi wa Washington. Imebainika kwamba kinachotolewa kwa hiari ya mwingine huondoka kwa hiari yake.

Kwa hiyo tunasema: anayetaka kusaidia demokrasia ayakubali matokeo yasiyompendeza, asiwaadhibu raia kwa dhulma ya watawala wao, na asaidie mahakama na tume huru kuliko washindi.

Nasi tujihesabu. Ni kamati ngapi za misikiti yetu hupokea fedha za wahisani kutoka Ghuba bila kuwasomea waumini mapato na matumizi? Ni viongozi wangapi wamekalia nafasi hizo miaka mingi bila kuchaguliwa? Tukiwalaumu wenye mizani miwili, ya kwetu iwe sawa kwanza. Shura ianzie msikitini, kwa fedha zetu wenyewe, ndipo sauti yetu itakuwa na uzito mbele ya watawala na mbele ya wafadhili.

Wabillahi tawfiq.