Wanafunzi nao wafikishwe Dodoma kwa reli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu treni ya umeme iendayo Dodoma, hasa juu ya nauli ya wanafunzi wa shule za msingi.

Kwanza nalipongeza Shirika la Reli Tanzania kwa kazi kubwa lililoifanya. Jiwe la msingi la reli hii liliwekwa mwaka 2017, na Julai 25, 2024 treni ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne.

Hata hivyo, wapo wanaosema kuwa reli imefika Dodoma mwaka 2024. Usemi huo si sahihi. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kando ya stesheni. Lakini mkoloni alijenga reli ile ili mali ya bara ifike bandarini. Sisi tumejenga ya kwetu kwa faida ya wananchi. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, sababu mojawapo kubwa ilikuwa kuyaweka katikati ya nchi, mahali ambapo wananchi wa pande zote wangeweza kuyafikia.

Je, mtoto wa mchuuzi wa samaki wa hapa Kawe anayafikia? Tutazame hesabu. Nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Lakini wanafunzi wetu wengi wa Darasa la Saba wametimiza miaka 13, hivyo kwenye treni wanahesabiwa watu wazima. Wanafunzi 40 wa umri huo, kwenda na kurudi, watahitaji shilingi 2,480,000. Hapo hatujataja chakula, malazi wala nauli ya walimu. Wazazi wetu hawana fedha hizo.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anakariri darasani mihimili mitatu ya dola na kazi za Bunge, anafaulu mtihani, kisha anamaliza shule bila kuliona Bunge lenyewe. Shule zenye uwezo huwapeleka watoto wao Dodoma, nao hukaa ukumbini wakiwasikiliza wabunge wakijadili. Wale wa shule zetu wanabaki na picha ya kitabuni, ingawa reli ni ya wote.

Najua wapo watakaosema kuwa reli imejengwa kwa mikopo, na kwamba mikopo hulipwa. Ni kweli, wala siombi watoto wapande bure. Lakini kiti kinachoondoka kitupu hakilipi deni lolote. Nusu nauli ni bora kuliko kiti kitupu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iruhusu kila mwanafunzi wa shule ya msingi anayesafiri na mwalimu wake kwa barua ya shule alipe nusu nauli, bila kujali kama ametimiza miaka 13. Pili, Shirika la Reli lishirikiane na TAMISEMI, ambayo ndiyo yenye shule zetu na makao yake yako hukohuko Dodoma, kupanga siku ambazo treni haina abiria wengi, hasa wakati Bunge linapokutana. Msimu wa sikukuu tuwaachie wasafiri wengine.

Kwa mpango huo darasa nililolitaja litalipa shilingi 1,240,000. Bado ni fedha nyingi, lakini wazazi wakichanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima zinaweza kupatikana.

Naomba wahusika walifikirie jambo hili mapema, kwani watoto wa Darasa la Saba hawakai shuleni kutusubiri.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kawe, Dar es Salaam.