Ningerudi Shule kwa Kozi Hii Moja

Kila nikipatana na mtu wa nyumbani hapa Nkubu, swali ni lile lile: "Sasa wewe utarudi chuo lini?" Niliacha mwaka wa pili. Naishi kwa kushika simu na kuongea, na watu wazima wanaona nimepotea. Kawaida huwa nacheka tu. Leo wacha nijibu vizuri: kuna kozi moja ningeanza hata kesho, ile ya kufundishwa kukaa na wagonjwa hospitalini, wa dini zote na wale hawana dini.

Mwenye kazi hiyo huitwa chaplaini. Kiswahili bado hatujampa jina lake. Ukisema kasisi, watu wanaona kola nyeupe. Ukisema mchungaji, wanaona maikrofoni. Na shida yangu imeanzia hapo kwa maikrofoni.

2023 cucu alilazwa siku kumi na moja. Hospitali siitaji. Saa nane mchana, saa ya kuona wagonjwa, wakaingia wahubiri watatu na spika ndogo ya kubeba mkononi. Kitanda cha pili kutoka kwa cucu kulikuwa na mama wa kutoka Isiolo, mtandio kichwani, operesheni yake ni kesho. Wakamuuliza kama yuko tayari kumpokea Yesu kabla apelekwe theta. Mama hakusema kitu, aligeukia ukuta. Wakamwombea hivyo hivyo, kwa sauti, juu ya mgongo wake.

Kabla uniite mpinga Kristo: mi nimebatizwa, na cucu alikuwa mama wa kanisa, Methodist wa sare na kila kitu. Yeye aliitikia amina. Lakini walipotoka aliniambia, kwa Kimeru, kwamba hao watoto wamepiga kelele na hawajamuuliza hata jina.

Usiku wa saba nesi akaja kubadilisha dripu. Akamuuliza, "Cucu, ni nini inakusumbua zaidi?" Nilidhani atasema mguu. Cucu akaanza kueleza kuhusu mtoto wake aliyekufa kabla mamangu azaliwe. Akazikwa haraka, na hakuna mtu alimtaja tena kwa hiyo nyumba. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia habari hiyo. Nesi alisimama labda dakika tano, halafu kitanda kingine kikamwita. Simlaumu, wodi nzima ilikuwa yake usiku huo. Nikabaki mimi, mtu wa kuongea na maelfu kwa simu. Nikasema, "Usijali cucu, utapona."

Alifunga macho. Hakuitaja tena, na hakupona.

Ndiyo nikaanza kutafuta kama hii kitu hufundishwa. Kumbe hufundishwa, na kwa ukali. Mchungaji mmoja Mmarekani, Anton Boisen, alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka wa 1920. Alijua vile mtu huhisi akiwa kitandani na watu wanamhubiria bila kumsikiliza. Mwaka wa 1925 akachukua wanafunzi wa theolojia akawapeleka hospitali ya Worcester, Massachusetts, wasome wagonjwa kama vile walisoma vitabu. Mafunzo ya siku hizi yametoka huko. Marekani, awamu moja si chini ya masaa 400: angalau 100 ni ya darasa na kundi, zingine uko wodini.

Sehemu iliyonishika ni hii. Ukitoka kwa mgonjwa, unakaa chini uandike mazungumzo yote kama unavyoyakumbuka, neno kwa neno, yeye alisema nini, wewe ulijibu nini, wapi mlinyamaza. Halafu unayapeleka kwa wenzako na msimamizi, na wanayachambua mbele yako. Kwa nini ulibadilisha stori hapo? Hilo ombi ulimwombea yeye ama ulijiombea wewe, ndiyo upate njia ya kutoka? Fikiria nikiweka "Usijali cucu, utapona" kwa meza hiyo. Najua wangeniuliza nini, na najua jibu. Nilikuwa najituliza mwenyewe.

Kenya mafunzo kama haya yako, Kijabe na Tenwek kwa mfano. Zote ni hospitali za kanisa, na hakuna maajabu hapo. Hata huku kwetu, Consolata Nkubu ni ya Wakatoliki, Chogoria iko tangu 1922 na ni ya PCEA, Maua ni ya Methodist. Bila makanisa sijui tungetibiwa wapi. Lakini anayelala kwa hicho kitanda anaweza kuwa yeyote. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni tano, na watu zaidi ya 755,000 waliosema hawana dini. Katiba, kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya serikali. Sasa kwa wodi ya serikali, yule mama wa Isiolo analindwa na nani saa nane mchana?

Mtu atasema nataka kufukuza Mungu hospitalini. Hapana bana. Chaplaini wa aina hii habadilishi dini yake wala hachanganyi dini kama githeri. Anauliza mgonjwa anataka nini. Akitaka imamu, anamtafutia imamu. Akitaka padre, padre. Akitaka mtu wa kukaa kimya tu, anakaa. Shirika la Afya Duniani lenyewe likieleza huduma kwa wagonjwa mahututi linataja maumivu ya kiroho pamoja na ya mwili. Dawa za mwili tunapanga foleni. Hiyo ingine tumeachia mwenye spika.

Nilipiga simu mahali pamoja. Swali la kwanza: umetumwa na kanisa gani? La pili: digrii ya theolojia unayo? Naelewa, mtu asiye na wa kumwajibisha hafai kuachwa peke yake na watu dhaifu. Lakini barua ya msikiti ingekubalika? Na nesi wa usiku, ambaye tayari anajua swali la kuuliza, naye afunguliwe mlango gani? Kaunti inalipa madaktari na manesi. Iajiri hata chaplaini wawili wa hospitali ya rufaa pale Meru, waliofunzwa hivi, na wahubiri wapitie kwao kwanza kabla ya kuingia wodini.

Mamangu nilipomwambia haya yote aliuliza nani atanilipa. Nikamwambia sijui. Akaendelea kuchambua maharagwe, halafu akaniuliza kama yule mtoto wa cucu alikuwa msichana ama kijana.

Sikuwa nimeuliza.